Shylock na Neno Bepari

Katika mwaka 1290 Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Mayahudi katika Uingereza, nao hawakupata ruhusa ya kurudi hata 1656. Basi Shakespeare, alipotunga habari za Shylock karibu na 1597, watazamaji wake wengi hawakupata kukaa jirani na Myahudi hata siku moja. Waliwajua kwa masimulizi ya chuki tu. Shylock adai ratili ya nyama ya mdeni wake, na mwisho alazimishwa kuwa Mkristo. Wengi wa siku zile waliiona hiyo kuwa rehema. Rehema ya ajabu!

Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere aliifasiri tamthilia hiyo, akaiita Mabepari wa Venisi. Sisi twaona wingi huo wa neno umefanya kazi kubwa: lawama imetolewa katika kabila la mtu mmoja, ikatiwa katika biashara ya mji mzima, hata Antonio mwenye shehena baharini akahesabiwa. Lakini ndani ya mchezo matusi ya Uyahudi yangalipo.

Tena neno bepari lenyewe lilitoka Bara Hindi, maana yake mfanya biashara tu; nasi huku Kimbiji tumelisikia likitupiwa Mhindi mwenye duka, awe alikopesha kwa riba au hakukopesha kabisa.