Gabbar Aliuawa Jericho

Kwa miaka mingi niliamini kwamba polisi waliomo kwenye muvi ya *Sholay* ni feki.

Niliwaona mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, kwenye dividi niliyonunua mjini kwa bob hamsini. Thakur, yule mzee asiye na mikono, amemwangusha Gabbar Singh na anamponda kwa viatu vyake. Umekaa zaidi ya saa tatu ukingoja dakika hii. Halafu, kutoka sijui wapi, polisi wanatokea na kumwambia Thakur aache, sheria ipo. Nikarudisha nyuma na rimoti, nikatazama tena. Nikasema hawa watu wa kunakili safari hii wamezidi, yaani wametuchomekea polisi.

Kwa sababu mimi nilijua Gabbar alikufa. Aliuawa Jericho, ndani ya kibanda cha mabati karibu na soko, miaka ya tisini, na mimi nilikuwepo.

Kwa nyinyi mliozaliwa wakati wa flashi: kibanda cha vidio kilikuwa chumba kimoja, viti vya mbao visivyo na mgongo, madirisha yamezibwa kwa magunia, na mbele kabisa televisheni ndogo imefungiwa juu kama jogoo wa kuuzwa. Kuingia kobole. Chini ya televisheni kulikuwa na deki, na kando ya deki alikaa mwenyewe, ambaye sote tulimwita Mzee wa Deki ingawa nikipiga hesabu sasa hakuwa amefika hata arobaini. Alikuwa na maikrofoni ya kanisani. Muvi ya Kihindi haikuwa na manukuu, na hata ingekuwa nayo nusu yetu hatukusoma haraka hivyo. Kwa hiyo yeye ndiye aliyetuambia nani anasema nini, nani ni staringi, na nani atakufa kabla ya mapumziko.

*Sholay* ilikuwa na tatizo moja. Kaseti aliyokuwa nayo siku zile ilikuwa ya dakika 180, na filamu inazidi saa tatu. Kwa hiyo ilifika pale Jai amekufa, Veeru amepandwa na hasira, Gabbar anasakwa, halafu krr, skrini ikawa ya bluu. Muvi imekwisha. Lakini Mzee wa Deki hakuwasha taa. Alishika maikrofoni na kumalizia kwa mdomo, macho yetu yote kwenye ule ubluu. Alituambia viatu vya Thakur vina misumari chini. Alituambia mikono ya Gabbar inavyopondwa, mmoja halafu mwingine, malipo ya ile mikono aliyoikata yeye. Alituambia Gabbar alivyokufa, na Thakur alivyolia baadaye kama mtoto. Kulikuwa kimya mpaka ukasikia matatu za barabarani.

Kumbe alikuwa sahihi.

*Sholay* iliingia kwenye sinema za India tarehe 15 Agosti 1975. Wiki saba kabla yake, tarehe 25 Juni, serikali ya Indira Gandhi ilikuwa imetangaza hali ya hatari. Mwongozaji Ramesh Sippy na waandishi wake, Salim Khan na Javed Akhtar, walikuwa wamemaliza hadithi kwa Thakur kumuua Gabbar. Bodi ya ukaguzi wa filamu ikakataa. Thakur ni afisa wa polisi wa zamani. Afisa hawezi kujichukulia sheria mkononi mbele ya taifa zima, tena wakati kama ule. Ikabidi mwisho upigwe upya na polisi wafike. Polisi kufika kwa wakati! Mtaani kwetu hiyo ndiyo sehemu ambayo ingehitaji Mzee wa Deki atuelezee mara mbili.

Kwa miaka 15 dunia iliona mwisho huo tu. Ule wa kwanza ulitoka mwaka 1990 kwenye kaseti ya VHS, Uingereza. Kaseti za Uingereza na za Kenya zilitumia mfumo mmoja, PAL, kwa hiyo ya London iliingia kwenye deki ya Nairobi bila shida yoyote, na jiji hili halijawahi kukosa mtu mwenye ndugu London. Hapo ndipo ninapoona njia ya yule mzee wangu. Alikuwa ameuona ule mwisho mahali fulani, kwenye nakala ndefu kuliko yake, akaubeba kichwani.

Siku hizi tuko watu watatu tunaokusanya vitu hivi. Mimi, kaka mmoja wa Buruburu ambaye ni mkali kwa mambo ya picha, na dada wa Umoja ambaye ana deki nne na tatu kati yake zinafanya kazi. Tumebishana juu ya *Sholay* kuliko siasa. Ubishi wenyewe, kabla ya mwaka jana, ulikuwa huu: kampuni ya Eros ilikuwa na matoleo mawili ya dividi. Moja lina dakika 204 na mwisho wa kweli, Gabbar anakufa, lakini picha ni ile ya karibu mraba, kama kamera ilivyoona. La pili lina dakika 198 na picha pana inayokaribia ile iliyoonyeshwa sinema kwa 70mm, lakini polisi wanafika. Chagua. Kaka wa Buruburu alichagua upana, akasema filamu ni picha kwanza, hadithi mtu anaweza kusimuliwa. Mimi nilimwambia, buda, umekaa saa tatu na mtu asiye na mikono halafu unamnyima haki yake kwa sababu ya mistari miwili myeusi?

Halafu Juni 2025, huko Bologna, Italia, *Sholay* ikaonyeshwa ikiwa imekarabatiwa. Kazi ilifanywa na Film Heritage Foundation ya Mumbai pamoja na Sippy Films. Hakuna nakala hata moja ya 70mm iliyosalia, na negativu ya kamera ilikuwa imeharibika vibaya. Kilichookoa mambo ni mikanda iliyopatikana ghalani Uingereza, nayo ilikuwa na ule mwisho wa kwanza na vipande vilivyokatwa. Upana upo, mwisho upo. Miaka 50 baadaye ubishi wetu ukafa kifo cha ghafla.

Ukazaliwa mwingine. Tukaanza kuota diski itakavyokuwa na nyongeza zake. Kaka wa Buruburu anataka mahojiano ya mafundi waliokarabati, na miisho yote miwili kando kwa kando. Dada wa Umoja anataka zile santuri. Hii wengi hawaijui: Polydor ilitoa sahani zenye maneno ya *Sholay*, si nyimbo tu, maneno, na watu wakazinunua wakajifunza kuongea kama Gabbar. Mimi ninaposikia hivyo najiuliza kama nyongeza si jambo la zamani kuliko tunavyodhani.

Nami nikataka sauti ya msimuliaji. Wakacheka.

Lakini hebu tuangalie. Ile nyongeza inayopendwa kuliko zote na wakusanyaji, mtu anaongea juu ya filamu huku inaendelea, ilianza mwaka 1984. Criterion ya Marekani ilitoa *King Kong* kwenye diski ya leza, na mtaalamu aitwaye Ronald Haver akarekodiwa akieleza onyesho baada ya onyesho. Ikahesabiwa kuwa uvumbuzi. Japani ilikuwa na wasimuliaji wa aina hiyo tangu enzi ya filamu bila sauti, wakiitwa benshi, na majina yao yalivuta watu kama ya waigizaji. Kampala kuna mavijei. Tanzania ilikuwa na Lufufu. Sisi tuna DJ Afro, ambaye hata kama hujawahi kumtazama umeshamsikia, kwenye basi la usiku, kinyozi, au kwa jirani ukutani. Tofauti ni kwamba Haver alikuja kukueleza filamu ilitengenezwaje. Hawa wetu wanaimaliza kuitengeneza. Mzee wa Deki hakujali Ramanagara ni wapi, ambako *Sholay* ilipigwa. Kwake yale mawe yalikuwa huko nyuma ya Dandora, na Gabbar alikuwa anadai watu kodi kila mwisho wa mwezi.

Kaka wa Buruburu anasema huo ni uharibifu. Kwamba waliotunga maneno yale walikesha, na sisi tunasifu mtu aliyeongea juu yake kwa maikrofoni ya kanisa. Sina jibu zuri sana kwa hilo. Ni kweli kuna muvi nzuri nilizozifahamu vibaya mpaka nilipofika thelathini.

Mwaka huu familia ya Mzee wa Deki ilianza kupanga vitu. Nyumba zile za Jericho ni za kaunti, ziko kwenye orodha ya mitaa ya zamani ya kujengwa upya, na watu wameshaona za Pangani zilivyobomolewa na maghorofa kusimama. Mzee mwenyewe alifariki kitambo. Mwanawe alinipigia: kuna katoni ya kaseti, nizione kabla hazijaenda kwa watu wa plastiki. Nyingi zilikuwa na ukungu mweupe kwenye utepe, ule ambao ukiingiza kwenye deki unaua kaseti na deki kwa pamoja. Moja ilikuwa ya dakika 240, imeandikwa kwa kalamu SHOLE. Kile kipande cha plastiki kinachoruhusu kurekodi kilikuwa kimevunjwa, halafu juu ya tundu mtu amebandika selotepu.

Tuliipeleka Umoja. Dada akaisafisha nje kwanza, akaizungusha kwa mkono, akaiweka kwenye deki yake mbovu kuliko zote ili kama ni kufa ife hiyo. Picha ikaja, inatetemeka. Na sauti ikawa ya yule mzee. Sikuwa nimeisikia kwa karibu miaka 30. Ilikuwa nyembamba kuliko nilivyokumbuka.

Ikacheza vizuri, kwa hiyo akaihamishia kwenye deki nyingine iliyoandikwa Hi-Fi mbele. Sauti ikawa ya Kihindi. Hakuna Kiswahili hata kidogo. Kaka wa Buruburu akauliza kama ni kaseti tofauti. Dada akabonyeza kitufe, mzee akarudi. Akabonyeza tena, Amjad Khan.

VHS ya aina hii ina njia mbili za sauti. Moja inapita ukingoni mwa utepe, na kila deki inaisoma. Ya pili, ya Hi-Fi, imerekodiwa chini ya picha yenyewe, na deki za bei tu ndizo huisoma. Baadhi ya deki ziliweza kufuta ile ya ukingoni na kuweka mpya bila kugusa picha; ile ya chini huwezi kuifuta bila kuipoteza picha pia. Mzee alikuwa ameziba tundu, akawasha maikrofoni, akajirekodi ukingoni kwa zaidi ya saa tatu. Chini yake filamu ikabaki nzima. Na ilikuwa ile ndefu: mwishoni viatu vina misumari, na polisi hawaji.

Kaka wa Buruburu alinyamaza muda, halafu akasema jambo la haki kabisa. Filamu tayari imeokolewa, kwa ubora ambao kaseti hii haitafika. Mwana wa mzee anataka shilingi 3,000 na anahitaji pesa ya kuhama. Kuihamishia kwenye kompyuta ni pesa nyingine, na kila ikichezwa inamomonyoka. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Pesa hiyo, alisema, tungeiweka tungoje diski.

Nilimkumbusha *Who Killed Captain Alex?*, filamu ya 2010 ya Nabwana IGG wa Wakaliga, Kampala. Filamu yenyewe, tupu, haipo tena. Nabwana aliifuta ili apate nafasi kwenye kompyuta ya kutengeneza nyingine. Iliyobaki ni ile ambayo VJ Emmie anaongea juu yake mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2019 AGFA, hifadhi ya filamu ya Marekani, iliitoa kwa Blu-ray pamoja na *Bad Black*, na wakusanyaji wa huko wakainunua hivyo hivyo. Kelele za Emmie ndizo filamu sasa. Pale sauti ilibaki, filamu ikapotea. Hapa kwetu filamu ina ghala Uingereza na mafundi Italia, na sauti ina katoni moja Jericho.

"Sawa," alisema kaka, "lakini sichangii zaidi ya elfu moja."

Alichanga elfu moja na mia mbili. Mwana wa mzee alichukua 2,500 na akaomba nakala kwenye flashi, ya mama. Jumamosi tulikwenda Luthuli kwa fundi mmoja ambaye bado ana mashine. Aliigeuza kaseti, akaona ile selotepu, akatutazama kama watu waliomletea redio ya mkoloni.

"Hii ina sauti mbili," dada alimwambia.

"Basi mnataka gani? Ile safi?"

Tukamwambia zote mbili, kila moja kwenye njia yake, na asifupishe mwisho.