Kutoka ubao wa ziwani hadi ujumbe wa simu: tulivyofika kwenye kupima maji kwa mbali

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa Didia na vijiji jirani, siku hizi mnasikia habari za vifaa vya kupima maji vyenye laini ya simu. Kinafungwa kwenye mfereji, lambo au pampu, kisha kinatuma ujumbe kwamba maji yamepungua au pampu imesimama. Kabla kikundi hakijachanga fedha, tuangalie jambo hili limetoka wapi, na wenzetu waliotangulia walipata nini.

Kazi yenyewe ni ya zamani. Ziwa Victoria, ambako ndiko yanakotoka maji ya bomba la Ihelele yanayokuja Shinyanga na Kahama, limekuwa likipimwa kina tangu 1896. Chombo kilikuwa ubao wenye alama, uliosimikwa majini. Mtu alikwenda, akasoma namba, akaandika daftarini.

Kati ya 1961 na 1964 mvua zilikuwa kubwa mno, na ziwa likapanda kwa karibu mita 2.5. Mwaka 1967 Tanzania, Kenya, Uganda, Sudan na Misri zilianza mradi wa pamoja wa kupima mvua, mito na maziwa, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mradi huo uliitwa Hydromet. Vipimo viliongezeka, lakini ubao bado ulihitaji msomaji. Akiugua au akihama, daftari linabaki tupu, na mafuriko hayamsubiri apone.

Simu za mkononi zilipofika vijijini, wengi waliona dawa imepatikana. Kuna majaribio mawili ya kukumbuka.

La kwanza ni la hapa Tanzania. Karibu na mwaka 2010 shirika la Daraja, lililokuwa Njombe, lilianzisha mpango wa Maji Matone. Mwananchi akiona kituo cha maji kimeharibika, atume ujumbe mfupi, nao upelekwe kwa wahandisi wa maji wa wilaya. Lengo lilikuwa ujumbe 3,000. Miezi sita ya mwanzo zilifika 53 tu. Waendeshaji walisema wazi kwamba mpango haukufaulu, wakaeleza sababu. Wachotaji maji wengi ni akina mama na watoto, ambao mara nyingi simu haiko mikononi mwao. Mtandao ulikuwa hafifu sehemu nyingi. Tena watu hawakuamini kwamba wakituma, kuna atakayekuja.

La pili ni la Kyuso, katika Kaunti ya Kitui nchini Kenya, eneo kavu kama letu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza kifaa kidogo kinachokaa ndani ya mkono wa pampu. Kinahisi mkono unavyopanda na kushuka, kisha kinatuma taarifa kwa mtandao wa simu. Mkono ukitulia muda mrefu kuliko kawaida, fundi anajua kuna tatizo. Mwaka 2013 walivifunga kwenye pampu 66. Awali pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Katika mwaka wa majaribio muda huo ulishuka hadi chini ya siku tatu.

Msikimbilie kusema kifaa ndicho kilichotengeneza pampu. Kyuso kulikuwa na mafundi waliokuwa tayari, na mwaka ule matengenezo yalikuwa ya bure kwa wanakijiji. Kifaa kiliondoa siku za kungoja mtu atoe taarifa. Siku nyingine ziliondolewa na fundi mwenye usafiri, vipuri na malipo. Maji Matone ilikosa taarifa, na hata zilizofika zilitegemea ofisi ambayo mwananchi hakuwa na namna ya kuiharakisha.

Kwa hiyo anayetuuzia kifaa cha lambo au mfereji wa majaluba, tumuulize, kisha tujiulize wenyewe:

1. Ujumbe utaingia kwenye simu ya nani, na akisafiri nani anapokea?
2. Nani atakwenda kufungua mfereji, kuziba tuta au kutengeneza pampu, na kwa muda gani?
3. Nani atalipia salio, betri na vipuri msimu wa pili, fedha za mavuno zikiwa zimeisha?

Hapa wafanyabiashara nanyi mna nafasi. Duka lenye mipira na vali za pampu hapa hapa linafupisha siku za kiu kuliko safari ya kufuata kipuri mjini.

Ushauri wangu ni kuanza na njia ya 1896. Simikeni mti ulionyooka kwenye lambo, mkauchora alama kila sentimita 10. Pangeni zamu ya kusoma kila asubuhi, na msomaji atume namba kwenye kundi la simu la wanakikundi. Andikeni pia siku ambayo mtu alikwenda kushughulikia tatizo. Msimu ukiisha, fungueni daftari. Kama taarifa zilifanyiwa kazi, kifaa kitawapunguzia safari na kitalipa gharama yake. Kama zilisomwa zikaachwa, fedha hizo zinunueni vipuri kwanza, na mmlipe fundi.