Kutoka barua ya mfungwa mpaka SMS ya Kajaga

Makala ya leo ni ya historia, lakini si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya maneno haya: "Tuma pesa kidogo kwanza, utapata nyingi baadaye." Maneno hayo yanatufikia kila mara kwenye simu zetu hapa Kajaga. Mara ni mtu anayejiita mfanyakazi wa HCR, eti dosye yako imepita, imebaki tu pesa ya "kuifungua". Mara ni "ndugu" aliyekwama mpakani. Mara ni kundi la WhatsApp linaloahidi kwamba dola 20 zitazaa 60 kwa wiki moja.

Wengi wetu tunafikiri wizi huu umekuja na simu. Hapana. Una umri kuliko babu za babu zetu. Tukijua ulikotoka, tutautambua hata ukibadili nguo.

Barua kutoka gerezani

Baada ya mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, matajiri wengi walikimbia nchi ile. Yaani walikuwa wakimbizi. Hapo wafungwa wa gereza la Bicêtre, karibu na Paris, wakaona njia ya kula. Waliandika barua kwa watu wenye mali huko mikoani: mimi ni mtumishi wa bwana fulani aliyekimbia, tulificha sanduku la vito na dhahabu njiani, sasa nimefungwa, nisaidie pesa kidogo nitoke tukalichukue pamoja. Vidocq, ambaye mwenyewe alikuwa mhalifu kabla ya kuwa mkubwa wa polisi wa upelelezi Paris, alisimulia mambo hayo katika vitabu vyake. Anasema kwa kila barua 100, kama 20 zilijibiwa.

Baadaye hadithi ikahamia Hispania. Mfungwa sasa alikuwa mtu mkubwa aliyefungwa huko, ana mali iliyofichwa na pengine binti mzuri wa kuolewa. Barua hizo zilivuka bahari mpaka Uingereza na Marekani. Gazeti la New York Times lilipoandika juu yake mwaka 1898, tayari liliuita ulaghai wa zamani.

Tuangalie mambo matatu katika barua ile. Kwanza, kuna msukosuko wa kweli: mapinduzi yalikuwepo, watu walikimbia kweli. Pili, kuna siri: usimwambie mtu. Tatu, kuna ada ndogo ya kutangulia, na ukishailipa inakuja nyingine, halafu nyingine. Mtego wote uko hapo. Mtu aliyekwisha kutoa 50 anatoa 100 ili 50 zake zisipotee.

Vita ya kwetu ikawa chambo

Miaka ya 1980 bei ya mafuta ilianguka, na Nigeria, nchi inayoishi kwa mafuta, ikayumba. Vijana waliosoma wakakosa kazi. Baadhi yao wakaichukua barua ya mfungwa na kuiandika upya: sasa anayeandika ni afisa wa serikali, ana mamilioni ya dola ya kutoa nje, anatafuta akaunti ya mgeni. Zilianza kwa posta, zikaja teleksi na faksi, na miaka ya 1990 zikaingia kwenye barua pepe. Watu wakauita wizi huo "419", kwa sababu ndiyo namba ya kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachohusu kupata mali kwa udanganyifu.

Hapa historia inagusa nyumba yetu. Mobutu alikimbia Kinshasa Mei 1997 na akafa Morocco Septemba ya mwaka huohuo. Haikuchukua muda, watu wa Ulaya na Marekani wakaanza kupokea barua pepe kutoka kwa "mjane wa Mobutu" au "mtoto wa Mobutu", eti wanatafuta mtu mwaminifu wa kuwasaidia kuhamisha pesa za marehemu. Hazikuandikwa na familia ile. Lakini kila mtu alikuwa ameona kwenye televisheni kwamba Zaire imeanguka, kwa hiyo hadithi iliingia akilini vizuri. Vita iliyotufukuza sisi ikawa chambo cha kuvulia watu wengine.

Na usifikiri walionaswa ni wajinga. Kati ya 1995 na 1998, kundi lililoongozwa na Emmanuel Nwude lilimdanganya mkubwa mmoja wa Banco Noroeste ya Brazil. Nwude alijifanya gavana wa Benki Kuu ya Nigeria, akamuuzia uwanja wa ndege wa Abuja ambao haukuwepo. Benki ilipoteza zaidi ya dola milioni 200. Nwude alihukumiwa mwaka 2005. Kama mtu wa benki, mwenye digrii na wanasheria, anaweza kuuziwa uwanja wa hewa, basi mama anayeuza mboga sokoni akidanganywa asichekwe.

Pesa inayozaa pesa

Wazazi wetu waliokuwa Zaire wanakumbuka jina Bindo. Mwishoni mwa 1990, uchumi ukiwa umeoza, watu wa Kinshasa walipanga mstari kuweka makuta yao kwenye michezo ya namna ile, wakiahidiwa faida ambayo hakuna biashara inayoweza kuitoa. Wa kwanza walilipwa kweli, njo maana wengine walikimbilia. Lakini walilipwa kwa pesa za waliokuja nyuma yao. Mwaka 1991 michezo ikaanguka, na akiba za watu zikaenda nayo.

MMM ya Mavrodi ilifanya hivyohivyo Urusi, ikaanguka mwaka 1994. Ilirudi kwa njia ya intaneti, ikaingia Afrika, na Desemba 2016 ikafunga malipo Nigeria watu wakijiandaa na Noeli. Kundi la WhatsApp linalosema "leta watu watatu upande daraja" ni mjukuu wa Bindo. Anayekuonyesha picha ya malipo aliyopokea pengine hadanganyi kuhusu malipo yake. Swali ni: pesa hiyo ilitoka wapi? Kama haitoki kwenye kitu kinachouzwa au kulimwa, inatoka kwako.

Simu inakuwa benki

Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa Kenya. Mwaka uliofuata ikafika Tanzania, na baadaye Kongo nayo ikapata yake. Hapa Burundi tunajua Lumicash na EcoCash. Ni msaada mkubwa: mkimbizi asiyeweza kufungua akaunti benki sasa anapokea pesa kwenye kibanda cha barabarani. Ila mwizi naye amefupishiwa safari. Zamani alisubiri barua ivuke bahari, leo ni dakika moja.

Tanzania nzima inaujua ujumbe huu: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hauna jina, hauna salamu. Nguvu yake ni hesabu. Ukitumwa kwa maelfu ya watu, lazima yupo mmoja ambaye saa hiyohiyo alikuwa anataka kumtumia mtu pesa ya kodi. Serikali ililazimisha kila kadi ya SIM isajiliwe kwa alama za vidole, mwisho ukiwa Januari 20, 2020, na kukawekwa namba 15040 ya kuripoti namba za matapeli. Hata hivyo ujumbe haukufa. Kenya nako, vyombo vya habari vimeripoti mara nyingi simu za ulaghai zinazopigwa na wafungwa kutoka gereza la Kamiti. Kumbe tumezunguka dunia, tumerudi gerezani, palepale pa Bicêtre.

Kwa nini sisi

Sasa tuseme ukweli ulio mgumu. Simu ya "HCR" inatunasa kwa sababu kuna siku haikuwa uongo mtupu. Nairobi, uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotangazwa mwanzoni mwa 2002 ulionyesha kwamba mtandao wa watu, baadhi yao wafanyakazi wa ofisi ya HCR ya huko, ulikuwa ukitoza wakimbizi pesa, mpaka maelfu ya dola, ili wapate safari ya nchi ya tatu. Watu walikamatwa na taratibu zikabadilishwa. Lakini kambini habari inabaki: "Fulani alilipa, akaenda." Tapeli wa leo anakula kwa habari ile ya zamani.

Kwa hiyo tuikumbuke yote, si nusu. Waliolipa kule Nairobi walikuwa wananyang'anywa haki yao. Huduma za HCR ni bure: kuandikishwa, intervyu, dosye, safari. Kutafuta ndugu aliyepotea kupitia Msalaba Mwekundu ni bure pia, kazi ambayo shirika hilo limeifanya tangu vita ya 1870 kule Ulaya. Anayedai pesa kwa mambo hayo ni mwizi, hata kama anajua jina lako na namba ya dosye, hata kama ana beji ya kweli.

Jambo la pili ni mpaka. Kajaga iko kwenye barabara ya Gatumba, na ng'ambo ya Gatumba ni Kongo. Tangu mwanzo wa 2025 makumi ya maelfu ya ndugu zetu walivuka Rusizi, wengine kwa kuogelea. Familia ziligawanyika, simu zilipotea. Watu wa mashirika wanatushauri: usiamini namba usiyoijua. Ushauri mzuri kwa wenye maisha yaliyotulia. Kwetu ndugu wa kweli anapiga kwa simu ya kuazima! Tukikataa kila namba ngeni, tutamkataa na yule tunayemlilia.

Mwizi analijua hilo. Anaandika: "Mama, ni miye mutoto yako. Simu yangu bameiba, niko natumia ya mwenzangu. Unitumie franga hapa mbio, usiite." Angalia neno la mwisho: usiite. Mtoto wa kweli anataka kusikia sauti ya mama yake.

Basi tufanye hivi

Kila familia ichague swali la nyumbani, ambalo jibu lake haliko Facebook. Jina la mbuzi wetu lilikuwa nani? Jirani wa nyuma alikuwa anauza nini? Asiyejibu hatumwi kitu. Siku hizi hata sauti inaigizwa kwa mashine, lakini mashine haikukaa kwenye kiwanja chenu.

Namba ya siri ya pesa haitajwi kwa mtu, hata akisema anapiga kutoka ofisi ya rezo. Namba sita ambazo WhatsApp inakutumia nazo ni hivyohivyo: anayekuomba "nimezituma kwako kwa makosa, nirudishie" anataka kuichukua WhatsApp yako, awaombe ndugu zako pesa kwa jina lako. Mtu akisema amekutumia pesa kwa makosa, usisome SMS yake, angalia salio lako mwenyewe. Picha ya kitambulisho cha ukimbizi usiitume kwa mtu wa mtandaoni, maana hiyo pesa hairudishi.

Ukiambiwa "fanya sasa, usimwambie mtu", fanya kinyume: ngoja, na umwambie mtu. Siri na haraka vimetumika tangu Bicêtre, kwa sababu ulaghai hauvumilii watu wawili wakikaa na kuongea.

Na kama umeshatuma? Piga mara moja namba ya huduma ya kampuni iliyotuma pesa, uombe zizuiwe. Usifute ujumbe, ni ushahidi. Ripoti polisi, na kama jina la HCR au ONPRA limetumika, iambie ofisi hiyo yenyewe. Halafu waambie jirani. Hili njo gumu kuliko yote, kwa sababu ya haya. Lakini anayenyamaza anamwachia mwizi nyumba inayofuata. Aliyedanganywa akisema, anafunga mlango kwa watu 50, na anastahili shukrani, si kicheko.

Tunawaomba kitu kimoja. Kuna wazazi kati yetu wasiosoma, na wao njo wanaopigiwa zaidi. Mwenye sauti nzuri aichukue makala hii, aisimulie kwa Kirundi, Kifuliiru, Kibembe au Kinyamulenge, airekodi na kuituma kwenye makundi. Ile hadithi ya mfungwa imesafiri zaidi ya miaka 200 kwa sababu watu waliendelea kuisimulia. Na hii isafiri vilevile.