Salama: neno la Ndalambo lenye ndugu Babeli

Kabla ya simu za mkononi, barua iliyotoka Ndalambo, mkoani Songwe, kwenda kwa ndugu aliyeko Tunduma au Dar es Salaam haikukurupuka na shida. Salamu kwanza, kisha "mimi ni mzima, hofu ni kwako", ndipo habari yenyewe ikafuata.

Takriban miaka 3,800 iliyopita, katika nchi ambayo leo ni Iraq, karani wa Babeli naye aliandika barua: alishika kibao cha udongo mbichi kilichoenea kiganjani, akakigandamiza kwa ncha ya tete na kuacha alama kama kabari. Barua za namna hiyo mara nyingi zilimtakia mpokeaji heri hivi: "lu shalmata, lu baltata". Yaani, uwe salama, uwe mzima.

Lugha hiyo ni Kiakadi, na kitenzi chenyewe ni shalamu: kuwa kamili, kutopungukiwa. Mzizi wake ni konsonanti tatu, sh-l-m, na irabu ndizo zinazohamahama. Shalim: yu mzima. Ishlim: alisalimika. Ishallim: anasalimika, au atasalimika. Ukisema ushallam, maana inamgeukia mtendaji: anakikamilisha kitu, analipa bila kupunguza. Ndilo neno la sheria za mfalme Hammurabi kwa mwenye nyumba aliyezembea hadi amana ya mwenzake ikaibwa: airudishe yote.

Neno letu halikutoka Babeli. Kiakadi na Kiarabu ni ndugu wa ukoo wa Kisemiti. Kiakadi kilizimika takriban miaka 2,000 iliyopita. Kiarabu ndicho kilichofikisha mzizi huo pwani, kwa umbo la s-l-m, na katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga mji wake bara, ukaitwa Dar es Salaam.

Waswahili walilipokea neno na kulivika viambishi vya Kibantu: salimu, salimia, salimiana, salimika, salimisha. Ndiyo maana neno lilipopanda bara hadi Songwe halikukaa kigeni. Kinyamwanga, lugha ya huko, nacho ni Kibantu, na msemaji wake amezoea kitenzi kinachorefuka mkiani.

Maana ya kale ingali hai. Asubuhi, jirani anapokuuliza "salama?", anakuuliza kama umeamka bila kupungukiwa na kitu: afya, watoto, mifugo. Ukijibu "salama", umemhakikishia kwamba vyote vimetimia.