Baiskeli Zilizobebwa Hadi Uhuru

Kikuyu, hapa Dodoma, baiskeli husifiwa kwa mzigo inaoubeba: madumu ya maji, gunia la mkaa, abiria kwenye keria. Mlima Kilimanjaro hugeuza kazi hiyo. Kule juu mtu ndiye anayeibeba baiskeli, na ndivyo ilivyokuwa kwa wapandaji wawili walioupa mlima huo jina katika historia ya kuendesha baiskeli za milimani.

Mwishoni mwa mwaka 1984, Waingereza Richard Crane na binamu yake Nicholas walifika na baiskeli zao kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Dodoma yetu iko mita 1,100 hivi. Kileleni, kila pumzi huleta takriban nusu tu ya oksijeni ipatikanayo pwani, hivyo hata miguu yenye nguvu huishiwa. Penye njia nzuri walikanyaga pedeli. Penye changarawe na miamba walisukuma, au wakazitwika mabegani.

Walipanda kuchangisha fedha za Intermediate Technology, shirika lililoasisiwa mwaka 1966 na mchumi E. F. Schumacher ili kueneza zana rahisi zinazomfaa mwanakijiji. Mwaka 1985 walitoa kitabu kuhusu safari hiyo.

Wakati huo baiskeli za milimani zilikuwa bado changa. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County, California, walishindana kuteremka milima kwa baiskeli kuukuu. Breki zilipata moto hadi grisi ikaungua, ikabidi zijazwe upya baada ya kila mteremko. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda baiskeli mahsusi kwa kazi hiyo; mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuziuza kwa wingi. Zilibuniwa kwa ajili ya kushuka, na Kilimanjaro bado inalikumbusha hilo: Hans Rey na Danny MacAskill, mabingwa wa kuchezea baiskeli, walipoupanda zaidi ya miaka 30 baada ya akina Crane, nao walizibeba sehemu nyingi ili waje kuteremka nazo.

Leo mwendesha baiskeli ana njia yake, ya Kilema, inayopanda hadi kambi ya Horombo, mita 3,720. Anayetaka kuijaribu afanye mazoezi ya mabega pamoja na miguu.