Bagamoyo: Safari Niliyoipinga

Ndugu wana Gorong'a, mlio nyumbani na mlio mijini,

Katika mkutano wetu uliopita, lilipotolewa wazo la kuwapeleka wanafunzi wetu wa kidato cha tatu Bagamoyo, mimi nilikuwa wa kwanza kulipinga. Mnaonifahamu mnajua kazi yangu ni mahesabu, na hesabu niliyoiona siku ile ilikuwa ya madawati na matundu ya choo, si ya watoto kwenda kutazama magofu na kuogelea. Wazee wakanijibu kikwetu: wewe unayeishi karibu na huko, nenda ukaone, uje na makadirio. Nimekwenda mara mbili, na makadirio ninayo. Lakini kabla ya fedha, nieleze nilichokiona.

Bagamoyo iko kilometa zipatazo 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Sisi tuishio Dar tunaifahamu kwa harusi na semina, tunakula samaki ufukweni, tunarudi. Nilikwisha kwenda kwa namna hiyo zaidi ya mara tano bila kuingia hata jengo moja la zamani.

Kabla ya reli, hapa ndipo njia kuu kutoka Ujiji na Tabora ilipokutana na bahari. Pembe za ndovu zilifika mabegani mwa watu, zikapimwa kwa frasila, zikavushwa kwa majahazi hadi Unguja. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa watu wa ujira. Walipatana malipo kabla ya kunyanyua mzigo, na wasiporidhika waliweza kuutua njiani. Katika njia hiyo hiyo walifika pia watumwa katika minyororo, na biashara ile haikukatika mara moja hata Sultani Barghash alipofunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Ndiyo maana jina la mji lina maelezo mawili. Wapo wanaosema ni mpagazi aliyebwaga moyo kwa kuwa safari imekwisha. Wengine wanasema ni mtumwa aliyeuacha moyo wake bara. Mwenyeji mmoja alinitajia la pili tu, kwa kuwa linawaliza wageni. Watoto wetu wasikie yote mawili.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kujenga kijiji cha watumwa waliokombolewa. Makumbusho ya misheni yao ndiyo yaliyonibadilisha mawazo, na sababu yake ni ya kihasibu. Livingstone alipofariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, watumishi wake wakiongozwa na Susi na Chuma walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, kisha wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Hayo tulisoma shuleni. Ambalo sikufundishwa ni kwamba kabla ya kuondoka walifungua masanduku ya marehemu mbele ya wenzao wote, na kijana mmoja, Jacob Wainwright, akaandika kila kilichokuwamo. Wainwright mwenyewe alikuwa mtumwa aliyekombolewa na kusomeshwa India. Katikati ya msiba, mbali na serikali yoyote ambayo ingewakagua, watu wale walitaka pasiwe na wa kusema kimeibwa kitu.

Nilisimama pale nikamkumbuka babu yangu. Alikuwa na kopo la bati lenye stakabadhi zake za kodi tangu enzi za Mwingereza, amezikunja moja moja, maana zamani ukikutwa barabarani huna stakabadhi ulikuwa na kesi. Tulipobomoa nyumba yake ili tujenge ya bati, kopo lile lilitupwa na takataka. Nilikuwepo, nami tayari ni mtu mwenye shahada.

Na kodi ile ina uhusiano na Bagamoyo. Misafara ya pembe haikupita kwetu, hilo tukubali. Lakini mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipokodishwa pwani na Sultani ili ikusanye ushuru, watu wa pwani waliasi wakiongozwa na Abushiri wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani. Berlin ikamtuma Wissmann na jeshi. Abushiri alinyongwa Desemba 1889, na Bagamoyo ikawa makao ya utawala mpya. Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma pale, na mwaka huo huo wakatangaza kodi ya nyumba kwa koloni lote. Miaka michache baadaye maboma yalikuwa yamefika Shirati, na Ikoma ng'ambo ya Mto Mara. Mtoto wa Gorong'a akiliona boma la Bagamoyo, ajue kwamba ngome ya Ikoma ni ndugu yake mdogo.

Jambo moja zaidi, kwa sisi tunaolilia barabara kila mwaka. Bagamoyo haikuanguka kwa vita. Maji yake ni mafupi, meli kubwa hutia nanga mbali. Mwaka 1891 makao makuu yakahamia Dar es Salaam kwenye bandari yenye kina, na reli ya kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905, ilianzia huko. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, mpagazi hakuwa na kazi tena.

Mpango ni huu. Basi moja, wanafunzi 40, walimu wawili, kwa njia ya Singida, Dodoma na Chalinze, kisha Msata, ambako lami inateremka hadi Bagamoyo. Siku ya kwanza ni misheni na boma, ya pili ni magofu ya Kaole na misikiti yake, wa kale zaidi ukiwa wa karne ya 13. Bahari wataiona jioni, na atakayeingia maji aingie na mwalimu. Kila mwanafunzi atakwenda na daftari, na sharti nililoliomba kamati ikalikubali ni kwamba akirudi, daftari hilo hilo litatumika kuandika anachosimulia mzee mmoja wa ukoo wake. Wenye makopo kama la babu yangu, msiyatupe. Leteni shuleni yanakiliwe, mrudishiwe.

Mchango wa safari utaandikiwa stakabadhi yake, usichanganywe na wa madawati. Nitatunza vitabu viwili, na vyote viwili nitavisoma mkutanoni Desemba.