Seva Ndani ya Kihariri: Makosa Yenye Tarehe Zake

Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili, wiki ni siku saba. Ward Cunningham, mtaalamu wa programu wa Marekani, hakuikusudia wiki hiyo alipofungua tovuti yake Machi 1995. Alikumbuka basi la uwanja wa ndege wa Honolulu liitwalo Wiki Wiki, maneno ya Kihawaii yenye maana ya upesi upesi, akaona yanafaa kuiita tovuti ambayo kila msomaji angeweza kuibadilisha palepale bila kumwomba mtu ruhusa. Mpaka leo mwanachama mpya wa klabu akiambiwa "andika kwenye wiki", hutaka kujua ni wiki ipi, hii au ijayo.

Wiki ya klabu yetu ni faharasa ya maneno. Inakaa katika kompyuta kuukuu chumbani mwa klabu, na seva inayoihudumia haikuandikwa kwa ajili ya kazi kubwa: ni Elnode, seva ya wavuti inayoendeshwa ndani ya Emacs, yaani ndani ya kihariri cha maandishi. Waliotutangulia waliichagua kwa sababu haina malipo, kurasa zake ni mafaili ya maandishi matupu, na baadhi yao walikuwa wakiandikia tasnifu zao katika Emacs hiyohiyo. Muhula huu imetusumbua sana. Katika kuitafutia dawa tumegundua kwamba karibu kila kosa lake lina mwaka wake wa kuzaliwa, na kwamba fundi asiyeijua historia hiyo huishia kuwasha na kuzima mashine tu.

Tuanze na Emacs. Ilizaliwa 1976 katika Maabara ya Akili Bandia ya chuo cha MIT, mikononi mwa Richard Stallman na Guy Steele, ikiwa ni mkusanyiko wa amri zilizopachikwa juu ya kihariri cha zamani kiitwacho TECO. Kompyuta za maabara ile zilitumia mfumo wa ITS, ambao kwa muda mrefu haukudai nenosiri. Mtu aliweza kufungua faili la mwenzake na kulirekebisha. Aliyetaka kuuangusha mfumo mzima alikuwa na amri ya kufanya hivyo, na kwa kuwa kila mtu alikuwa nayo, kuuangusha hakukuwa ushujaa. Stallman alipotoa GNU Emacs mwaka 1985, aliijenga juu ya lugha ya Lisp kwa namna ambayo mtumiaji anaweza kuibadilisha programu huku inaendelea kufanya kazi. Ndiyo maana baadaye watu waliweza kuitia barua pepe, michezo, kalenda, na hatimaye seva.

Wiki ya Cunningham ilirithi imani ileile ingawa haikutoka maabara ile. Hapakuwa na mlinzi mlangoni. Kuunda ukurasa mpya kulitosha kuunganisha maneno mawili yenye herufi kubwa, na programu, iliyoandikwa kwa Perl, iligeuza mwunganiko huo kuwa kiungo. Kwa Kiingereza, chenye desturi ya kupanga majina mawili bega kwa bega, mbinu hii ilikwenda vizuri. Kwetu ingekuwa kichekesho: neno "Ushairi", likiwa peke yake, lisingeweza kuwa ukurasa, lakini mwandishi mwenye mazoea ya zamani ya kuandika "KiSwahili" na "WaSwahili" angejikuta ameunda kurasa bila kukusudia. Wikipedia, iliyoanza Januari 2001 kwa programu ya UseModWiki ya Clifford Adams, ilikutana na tatizo hilo mapema, na mwaka huohuo yakaja mabano ya mraba mawilimawili tunayoyajua leo. Wikipedia ya Kiswahili ilipofunguliwa 2003 ilikuta njia imeshasafishwa.

Watu wa Emacs hawakukawia kuipenda wiki. John Wiegley aliandika emacs-wiki, ya kuhariri kurasa hizo ndani ya Emacs na kuzitoa kama kurasa za wavuti. Toleo la 22 la Emacs, la mwaka 2007, liliipa programu uwezo wa kufungua mlango na kusikiliza maombi ya mtandao. Elnode ya Nic Ferrier ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 2010, ikiiga mtindo wa Node.js, na ndani yake mkawamo wiki ndogo inayosoma alama za Creole, ule mtindo wa pamoja wa kuandikia wiki uliokamilishwa 2007. Tovuti maarufu ya EmacsWiki yenyewe, lakini, haiendeshwi na Emacs. Inaendeshwa na Oddmuse ya Alex Schroeder, programu ya Perl. Mwenye hekima angejiuliza kwa nini.

Kosa la kwanza lilikuwa jepesi. Aliyeketi mbele ya mashine aliiona wiki, na wengine wote hawakuiona. Elnode ikiwashwa bila maelekezo husikiliza mlango namba 8000 kwa anwani ya localhost, maana yake inajibu mashine yake peke yake. Wengi huanza kwa kulaumu mtandao wa chuo. Dawa ni kubadilisha anwani ya kusikilizia, au, bora zaidi, kuiacha hivyohivyo na kuweka mbele yake seva nyingine inayopokea wageni na kuyapitisha maombi yao. Tulichagua njia ya pili. Emacs ni programu yenye uwezo wa kufuta faili lolote la mwenye nayo, na hatukuona sababu ya kuiweka barazani.

La pili linachosha zaidi: wiki inaganda kwa sekunde kadhaa kisha inarudi kama kwamba hapakutokea kitu. Emacs ilitengenezwa kumhudumia mtu mmoja, kazi moja baada ya nyingine. Elnode haiwagawii wageni wafanyakazi tofauti. Inamshughulikia huyu kidogo, inamgeukia yule, na hali inakuwa nzuri maadamu hakuna kazi ndefu. Mtu akiamuru itafutwe herufi moja katika kurasa zote, wengine wote wanasubiri foleni. Nyuzi za utendaji ziliingia katika toleo la 26, mwaka 2018, lakini nazo ni za kupeana zamu kwa hiari, na uzi usioachia nafasi huwazuia wenzake. Kuna pia mgando wa aina nyingine, ambapo ombi haliishi kamwe. Katika Elnode, kipande cha programu kinachojibu lazima kitamke kwamba kimemaliza. Kikipata hitilafu katikati kikanyamaza, kivinjari kitaendelea kuzungusha alama yake ya kusubiri mpaka kichoke. Kwa hiyo, ukiona ukurasa unasubiri bila ujumbe wowote wa kosa, soma kwanza faili la kumbukumbu za makosa kabla ya kugusa kitu.

Kosa la tatu lilitugusa kwa sababu lilichagua Kiswahili. Kurasa za maneno ya kawaida zilifika kamili. Kurasa zenye maneno yaliyoandikwa pia kwa hati ya Kiarabu zilikatika mwishoni, na kadiri hati ile ilivyokuwa nyingi ndivyo sehemu kubwa zaidi ilivyopotea. Sababu yake inarudi nyuma hadi 1992, Ken Thompson na Rob Pike walipobuni UTF-8. Katika mfumo huo herufi ya Kilatini isiyo na alama huchukua baiti moja, na herufi ya Kiarabu, pamoja na zile tunazoziongeza kwa sauti za p, ch na v, huchukua baiti mbili. Kipande kilichoongezwa na mmoja wa waliotutangulia kilikitangazia kivinjari urefu wa ukurasa kwa kuhesabu herufi. Kivinjari huhesabu baiti. Kikiambiwa 1,000, hupokea baiti 1,000 na kuona kazi imekwisha. Lisp ya Emacs ina amri mbili tofauti kwa hesabu hizo mbili, na kubadilisha neno moja kulitosha.

Asidhani mtu kwamba anayeandika kwa Kilatini tu amesalimika. Neno ng'ombe lina herufi na alama saba. Likiandikwa kwa kipeo kilichonyooka ni baiti saba. Likinakiliwa kutoka programu ya uandishi yenye kupinda kile kipeo, linakuwa baiti tisa, na zaidi ya hayo wiki inaliona kuwa neno lingine. Faharasa yetu ilikuwa na kurasa mbili za ng'ombe, kila moja ikiwa na wachangiaji wake wasiojuana.

Tumeacha kwa makusudi kosa zito kuliko yote. Emacs ina njia ya zamani ya kuzuia watu wawili wasiharibiane kazi: anayeanza kubadilisha faili huacha kando yake alama inayoanza kwa nukta na reli, yenye jina lake na la mashine yake. Wa pili akija huulizwa kama ataiba kufuli, ataendelea hivyohivyo, au ataacha. Swali la kiungwana, kwa watu wanaoketi katika maabara moja. Katika wiki, wageni wote huandika kwa mkono wa Emacs moja, na kufuli inaona mwandishi mmoja tu. Wawili wakifungua ukurasa mmoja kwa pamoja, atakayehifadhi mwisho anaifuta kazi ya mwenzake bila yeyote kuambiwa.

Ndivyo ulivyopotea ukurasa wa mnazi. Mzee wetu mmoja, mzaliwa wa Lamu, alikuwa ameandika hatua za tunda lake, kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, kila moja kwa hati mbili na maelezo ya matumizi yake. Dakika chache baadaye mwanachama mwingine alihifadhi ukurasa uleule aliokuwa ameufungua tangu asubuhi, akiwa amesahihisha nukta moja. Tulikimbilia nakala ya akiba, lile faili lenye kiwimbi mwishoni mwa jina. Lakini Emacs, isipoamriwa vingine, hutunza nakala hiyo mara ya kwanza tu faili linapohifadhiwa tangu lilipofunguliwa, na seva yetu ilikuwa imelifungua siku nyingi. Nakala tuliyoikuta ilikuwa ya kabla ya mzee kugusa chochote.

Wakubwa nao yamewakuta. UseModWiki haikutunza matoleo ya zamani milele, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mahariri ya kwanza ya Wikipedia yametoweka, hadi Desemba 2010, Tim Starling alipoyakuta katika mafaili ya akiba, kuanzia Januari hadi Agosti 2001. Sisi hatukuwa na faili la namna hiyo. Sasa kila fomu ya kuhariri inabeba alama ya toleo ilikoanzia, na toleo likiwa limebadilika, mwandishi anaonyeshwa maandishi yote mawili. Kila uhifadhi unaingia pia katika Git.

Shikamoo tuliyompelekea mzee ilikuwa na ombi ndani yake, na aliliona kabla hatujalitamka. Ameandika upya hadi dafu. Koroma na nazi amesema ataziandika Ijumaa.